Mwigizaji Anapokabidhiwa Funguo za Ukumbi: Utangulizi

Tangu Septemba 1986, BBC imekuwa ikionyesha Jumamosi jioni tamthilia ya hospitali iitwayo Casualty. Visa vyake hutokea katika idara ya dharura ya mji wa kubuni, Holby. Kila juma kuna ajali, kuna moto, kuna mtu aliyeanguka ngazi na ambaye, kabla kipindi hakijaisha, siri za nyumbani kwake zitakuwa zimeanikwa hadharani. Kati ya 1999 na 2004 mmoja wa wahudumu wa gari la wagonjwa katika tamthilia hiyo alikuwa Finlay Newton, ambaye watazamaji walimzoea kwa jina la Fin. Aliyemwigiza ni Kwame Kwei-Armah. Mwaka 2018 mtu huyohuyo alikabidhiwa ukumbi wa Young Vic, London, awe mkurugenzi wake wa sanaa.

Mtu hutokaje kwenye gari la wagonjwa la kuigiza hadi kwenye ofisi ambamo huamuliwa tamthilia zipi zipande jukwaani mwaka mzima? Ukiwauliza mashabiki watakuambia ni kipaji. Magazeti yatasema bidii na bahati. Hayo si uongo, ila hayachunguziki. Karibu, basi, katika somo linalopendelea maswali yanayoweza kujibiwa kwa karatasi: nani alimlipa na kwa muda gani, nani alimpa chumba cha mazoezi, nani alikuwa na mamlaka ya kusema tamthilia hii iigizwe na ile ingoje. Ukiyafuata maswali hayo, maisha ya mwigizaji aliyegeuka mwongozaji yataacha kuwa ngano ya shujaa. Utaona ndani yake jinsi nchi inavyogawa fedha zake za sanaa, nani huaminiwa nazo, na nani husubirishwa mlangoni.

Kwanza tuondoe dhana kwamba mwongozaji amekuwapo siku zote. Katika Uingereza ya karne ya 19 hapakuwa na mtu mwenye kazi hiyo peke yake. Mwigizaji mkuu ndiye aliyekodi ukumbi, akaajiri kundi, akapanga nani asimame wapi, kisha yeye mwenyewe akasimama katikati, penye mwanga. Henry Irving aliuendesha ukumbi wa Lyceum kwa mtindo huo kuanzia 1878, na akafanikiwa kiasi kwamba mwaka 1895 akawa mwigizaji wa kwanza kupewa hadhi ya kuitwa Sir. Halikuwa jambo dogo, maana vizazi vilivyotangulia sheria iliwahesabu waigizaji pamoja na wazururaji.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kazi hizo mbili zikaanza kuachana. Harley Granville Barker, naye aliyeanza kama mwigizaji, aliendesha misimu ya ukumbi wa Court kuanzia 1904 hadi 1907 na kuonyesha kwamba mazoezi ya makini, na kundi lisilomzunguka nyota mmoja, yanaweza kuvuta watu. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha likaja Baraza la Sanaa, lililoundwa 1946, na pamoja nalo kitu ambacho Irving hakukijua kabisa: ruzuku ya serikali. Tangu hapo mkuu wa ukumbi mkubwa hakuwa tena mwigizaji anayehatarisha akiba yake. Alikuwa mwajiriwa wa bodi, anayetumia fedha za walipa kodi, na anayetakiwa kujieleza.

Na bodi zina tabia yao. Tazama wakuu wa National Theatre. Wa kwanza, mwaka 1963, alikuwa Laurence Olivier, mwigizaji kuanzia utosini hadi unyayoni. Waliomfuata ni Peter Hall, Richard Eyre, Trevor Nunn na Nicholas Hytner, na wote wanne walisoma Cambridge. Kuanzia 1973 hadi 2015, chuo kikuu kimoja! Ndipo akaja Rufus Norris, aliyefunzwa uigizaji katika chuo cha RADA. Sisemi hao wa Cambridge hawakuijua kazi. Mwenye kusema hivyo hajawahi kuona walichokifanya. Nasema tu kwamba mlango ulikuwa mwembamba, na aliyejifunza jukwaa kwa kusimama juu yake ilimbidi apitie kwingine. Wengi walipitia majimboni. Michael Grandage aliigiza kwa miaka mingi kabla ya kuongoza kumbi za mji wa Sheffield na kisha ukumbi wa Donmar Warehouse. Samuel West, ambaye watazamaji wa televisheni wanamjua vizuri, alishika Sheffield kati ya 2005 na 2007. Daniel Evans alimfuata hapo 2009, leo yuko Royal Shakespeare Company. Sheffield, utaona, inajirudia mno katika orodha hizi, na sura nzima ingeweza kuandikwa kuhusu sababu zake.

Turudi kwa Kwei-Armah, maana ndiye nitakayemtumia kukuonyesha namna ya kusoma maisha ya kazi.

Alizaliwa London mwaka 1967 akaitwa Ian Roberts, mtoto wa wazazi waliotoka kisiwa cha Grenada. Alikulia Southall, mtaa wa magharibi mwa jiji wenye wahamiaji wengi kutoka Punjab, akasoma katika shule ya sanaa za jukwaani ya Barbara Speake. Utotoni aliiona Roots, ile tamthilia ya Kimarekani ya 1977 ambayo kwetu watu huitaja kwa jina la Kunta Kinte, akaazimia kwamba siku moja atalitafuta jina la ukoo wake lililopotezwa utumwani. Alipofika umri wa miaka 19, baada ya kufuatilia nasaba yake hadi Ghana, akalibadili jina lake. Wanafunzi hukipita kisa hiki haraka, kama pambo la wasifu. Mimi huwaambia wakirudie, kwa sababu kinatuonyesha kijana aliyeanza kuamini kwamba kipindi cha televisheni kinaweza kumfanya mtu ainuke sebuleni akabadili maisha yake. Mtu mwenye imani hiyo haingii Casualty kwa dharau.

Dharau ilikuwa ya wasomi. Kwa muda mrefu wataalamu wa jukwaa waliichukulia kazi ya tamthilia za televisheni zisizokwisha kama kibarua, kitu cha kulipia kodi ya nyumba hadi kazi ya kweli ipatikane. Kitaaluma hilo ni kosa. Tamthilia ya aina hii huajiri waongozaji kwa mafungu: mmoja huja, huongoza vipindi vichache, huondoka, akaja mwingine. Mwigizaji ndiye anayebaki. Aliyekaa pale miaka mitano amewaona waongozaji wa kila namna wakifanya kazi mbele ya macho yake: anayejua anachokitaka na asiyejua, anayezungumza na kamera akawasahau watu, anayeimaliza siku kwa wakati bila kupaza sauti. Hakuna chuo kinachoweza kumpa mwanafunzi nafasi ya kukaa katikati ya ufundi wa watu wengi hivyo, tena akilipwa.

Isitoshe, televisheni hairekodi hadithi kwa mpangilio wake. Asubuhi unaigiza kilio cha mwisho, mchana unaigiza salamu za kwanza, kwa sababu chumba hiki kinapatikana leo na kile kesho. Mwigizaji hulazimika kuibeba hadithi nzima kichwani na kujua amefika wapi ndani yake. Mwongozaji hufanya hivyohivyo, isipokuwa yeye huibeba kwa niaba ya kila mtu.

Halafu kuna mshahara. Tamthilia ya jukwaani huandikwa kwa miezi mingi bila mtu kulipa chochote cha maana, na ndiyo maana waandishi wengi wa jukwaa ni watu wenye kazi nyingine au wenye familia zinazoweza kuwabeba. Elmina's Kitchen, tamthilia iliyomfanya Kwei-Armah asikilizwe kama mwandishi, ilifunguliwa National Theatre mwaka 2003, akiwa bado ni Fin wa Jumamosi jioni. Sijui namna nyepesi zaidi ya kukuonyesha kwamba jukwaa lenye ruzuku na televisheni ya umma ni mifuko miwili ya koti moja.

Tamthilia yenyewe hutokea katika duka la vyakula vya Karibi huko Hackney, mashariki mwa London, kwenye barabara ambayo magazeti yalikuwa yameibandika jina la maili ya mauaji. Mwenye duka ni Deli, bondia wa zamani anayejitahidi kuishi kwa halali. Mwanawe Ashley ana miaka 19 na hauoni uhalali huo unamfikisha wapi baba yake. Macho yake yako kwa Digger, mhalifu ambaye duka hilo limekuwa kama baraza yake. Baadaye anaingia Clifton, baba yake Deli, na sasa vizazi vitatu vya wanaume vinagombana juu ya kaunta moja. Jina Elmina linaikumbusha ngome iliyoko pwani ya Ghana, iliyojengwa na Wareno mwaka 1482 na baadaye ikawa ghala la watumwa. Duka la kuku wa kukaanga na ngome ya utumwa chini ya jina moja: mwandishi hafafanui, na anafanya vizuri kutofafanua.

Angalia nani aliongoza. Haikuwa yeye, ilikuwa Angus Jackson, katika ukumbi mdogo wa Cottesloe, na Deli akaigizwa na Paterson Joseph. Mwandishi alikuwa mwandishi tu. Mwaka huohuo gazeti la Evening Standard likamtunukia tuzo ya mwandishi wa tamthilia anayetia matumaini zaidi. Ilipofika 2005 tamthilia ikaingia ukumbi wa Garrick, katika eneo la kumbi za biashara liitwalo West End, na safari hii Kwei-Armah mwenyewe akapanda jukwaani kama Deli. Kwa hiyo katika miaka miwili alikuwa ameitazama kazi moja kutoka kiti cha mwandishi na kutoka ndani ya ngozi ya mhusika. Kilichobaki ni kiti cha mbele, gizani, chenye taa ndogo ya kuandikia.

Hapa nitoe onyo la kitaaluma. Utasoma mahali pengi kwamba hiyo ilikuwa tamthilia ya kwanza ya Mwingereza mweusi kufika West End. Soma masharti yaliyofungwa kwenye madai ya namna hiyo. Play Mas ya Mustapha Matura ilihamia West End miaka ya 1970. Matura, hata hivyo, alizaliwa Trinidad. Ukiongeza maneno “mzaliwa wa Uingereza”, dai linasimama vizuri zaidi. Ukiyaondoa, linamfuta mtu. Somo letu limejaa “wa kwanza” wa aina hii, na ofisi za matangazo huwapenda sana.

Kiti cha mwongozaji tunamkuta nacho waziwazi mwaka 2008, katika ukumbi wa Tricycle huko Kilburn, ambao Nicolas Kent alikuwa ameuendesha tangu 1984 na kuufanya mahali pa tamthilia za siasa na za jamii zilizosahauliwa. Kazi ni yake mwenyewe, Let There Be Love, yenye wahusika watatu: Alfred, mzee mkali aliyehamia kutoka Karibi miongo mingi iliyopita, binti yake, na Maria, msichana kutoka Poland anayekuja kumtunza. Mzee aliyewahi kuchukiwa kama mgeni sasa anamchukia mgeni mpya. Alfred aliigizwa na Joseph Marcell. Ndiyo, ni yuleyule Geoffrey, mtumishi wa nyumba ya kina Banks katika Fresh Prince of Bel-Air. Wasomaji wengi hushangaa wakiambiwa kwamba huyo ni mwigizaji wa Shakespeare mwenye miaka mingi jukwaani. Ukitaka kuona busara ya anayeanza kuongoza, iko hapa: watu watatu, sebule moja, santuri za zamani, na mwigizaji mkongwe ambaye hahitaji kuelezwa jinsi ya kuvuka chumba. Mwaka uliofuata, hapohapo Tricycle, akaongoza Seize the Day, kuhusu mtu mweusi anayesukumwa kugombea umeya wa London.

Kisha akaondoka nchini, na nakuomba upunguze mwendo hapa. Mwaka 2011 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa sanaa wa Center Stage, Baltimore, ukumbi wa jimbo la Maryland, ambao ulikuwa umeshaonyesha tamthilia zake. Uingereza ilikuwa imempa sifa, tuzo, na kiti katika mabaraza ya ushauri. Ukumbi wa kuuendesha alipewa na Wamarekani, katika mji ambao wakazi wake wengi ni weusi. Kumbi za Marekani zisizo za biashara hupata sehemu ndogo sana ya fedha zao serikalini. Zinaishi kwa tiketi za msimu na kwa wafadhili binafsi, na mkurugenzi wa sanaa hula chakula cha jioni na watu matajiri kama sehemu ya kazi. Mwingereza aliyezoea ruzuku hujifunza huko kuomba, na pia hujifunza kukataa kwa adabu.

Alichokifanya Baltimore mwaka 2013 ni mfano ninaoupenda kuliko yote wa uongozaji usiohusu kupanga waigizaji. A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry, iliyotoka 1959, inahusu familia nyeusi ya Chicago inayonunua nyumba katika mtaa wa Wazungu. Ndani yake msichana Beneatha anaombwa na Asagai, mwanafunzi kutoka Nigeria, aende naye Afrika. Bruce Norris alikuwa ameandika Clybourne Park, inayokitazama kisa hicho kutoka upande wa nyumba inayonunuliwa. Kwei-Armah akaandika Beneatha's Place, inayomfuata Beneatha hadi Nigeria, kisha akaziweka Clybourne Park na hiyo yake katika ukumbi mmoja, kundi moja la waigizaji likiigiza zote mbili, ili watazamaji wasikie majibizano. Alijibu tamthilia kwa tamthilia. Mwigizaji asingeweza kufanya hivyo, wala mwandishi peke yake. Ni mwenye kupanga msimu tu awezaye.

Alipoitwa kurudi London, alirithi Young Vic kutoka kwa David Lan, na urithi huo una historia ya Kiafrika ambayo mara nyingi huachwa. Lan alizaliwa Afrika Kusini, akasomea anthropolojia, na aliandika Guns and Rain, utafiti kuhusu wapigania uhuru na waganga wa mizimu nchini Zimbabwe, kabla ya kuuongoza ukumbi huo kwa miaka 18. Chini yake, mwaka 2013, Young Vic ilionyesha tamthilia ya Aimé Césaire kuhusu Kongo, Chiwetel Ejiofor akimwigiza Patrice Lumumba. Jengo lenyewe lilifunguliwa 1970 kama banda la muda karibu na kituo cha Waterloo, na limehifadhi duka la nyama la zamani kama lango lake, na vigae vya mchinjaji bado viko ukutani.

Kazi ya kwanza ya Kwei-Armah hapo, mwaka 2018, ilikuwa Twelfth Night ya Shakespeare iliyogeuzwa kuwa mchezo wa nyimbo pamoja na mtunzi Shaina Taub, ikahamishiwa kwenye kanivali ya Notting Hill, na wakazi wa mitaa ya jirani wakaingizwa jukwaani kama kundi la waimbaji. Baadaye akaongoza The Collaboration, kuhusu wachoraji Andy Warhol na Jean-Michel Basquiat, iliyofika Broadway mwishoni mwa 2022. Lakini ukitaka kumpima kama mkuu wa ukumbi, tazama pia alichowaachia wengine: Death of a Salesman ya 2019, iliyoongozwa na Marianne Elliott na Miranda Cromwell, ambamo familia ya Loman ilikuwa nyeusi, na Hamlet ya 2021 iliyoigizwa na mwanamke, Cush Jumbo. Katikati palikuwa na kufungwa kwa kumbi zote Machi 2020, muda ambao mkuu wa ukumbi alikuwa mhasibu wa huzuni. Aliondoka 2024, na nafasi yake ikachukuliwa na Nadia Fall.

Haikuwa safari laini. Mwaka 2019 Tree, kazi aliyoitengeneza na mwigizaji Idris Elba, ilizua mgogoro pale waandishi wawili waliposema hadharani kwamba walikuwa wameushughulikia mradi huo kwa miaka na kisha wakaondolewa. Yeye na Elba walikanusha maelezo hayo. Si kazi ya somo letu kutoa hukumu. Kazi yetu ni kuuliza jina la mwandishi huamuliwaje pale tamthilia inapotengenezwa na watu wengi chumbani, na mikataba inasema nini. Nimeona tasnifu nzuri zikiharibika kwa sababu mtafiti aliogopa kuuliza swali la mkataba.

Usidhani, hata hivyo, kwamba njia hii ilifunguliwa na mwanamume mmoja. Mwaka 1986 kundi la Talawa lilianzishwa na wanawake wanne, Yvonne Brewster, Carmen Munroe, Mona Hammond na Inigo Espejel, na kazi yao ya kwanza ilikuwa The Black Jacobins ya C.L.R. James. Brewster, mzaliwa wa Jamaika, ndiye aliyekuwa mwongozaji. Munroe baadaye aliigiza mke wa kinyozi katika Desmond's, kipindi cha kuchekesha kilichoonyeshwa kuanzia 1989 hadi 1994. Hammond alionekana EastEnders. Hao walikuwa wakipeleka nyuso zao kwenye televisheni na nguvu zao kwenye jukwaa, miaka mingi kabla Fin hajapanda gari la wagonjwa. Tofauti ni kwamba Talawa lilikuwa kundi lililotangatanga bila jengo la kudumu kwa muda mrefu wa maisha yake. Wao walikuwa na mwongozaji. Funguo hawakuwa nazo.

Sasa utasomaje kitu kilichokwisha? Onyesho likimalizika halipo, na kanda ya video ni kivuli chake. Wewe anza na vitu vidogo. Chukua kitabu cha programu kinachouzwa mlangoni, fungua ukurasa wa wasifu wa waigizaji. Utakuta kazi za jukwaani zimeorodheshwa kwanza, kisha televisheni, kisha filamu, hata kama mwigizaji anajulikana na taifa zima kwa kazi ya televisheni peke yake. Mpangilio huo ni itikadi. Ukilinganisha programu za miongo mitatu utaona unavyolegea.

Kitu cha thamani zaidi ni nakala ya msimamizi wa jukwaa. Ni faili nene: upande mmoja maneno ya tamthilia, upande wa pili karatasi tupu iliyojazwa alama za penseli. Herufi za majina ya wahusika, mishale, msalaba mdogo wenye maana ya kuvuka, namba za taa, namba za sauti, neno la tahadhari, kisha neno la kuruhusu. Kwa nakala hii msimamizi huendesha onyesho kila usiku, kwa sababu katika desturi ya Uingereza mwongozaji huondoka baada ya usiku wa wakosoaji. Penseli hutumika kwa kuwa mambo hubadilika, na penseli ikifutwa huacha alama. Inamisha ukurasa kwenye mwanga. Pale ambapo mhusika aliandikiwa avuke kwenda mlangoni, kisha ikafutwa, akaandikiwa abaki ameketi, umemkamata mwongozaji akifikiri. Waongozaji waliowahi kuigiza, kwa uzoefu wangu wa kupekua faili hizi, huwa na ufutaji mwingi katika wiki za mwanzo na mchache mwishoni. Hujaribu kwa miili ya watu kabla ya kuamua. Ni maoni yangu, na ningefurahi mtu ayapinge kwa ushahidi.

Faili za namna hii ziko katika hifadhi ya National Theatre, iliyo mtaa uleule wa Young Vic, ambako pia unaweza kukaa na kutazama rekodi za maonyesho. Kwa upande wa televisheni, BBC imeweka wazi mtandaoni ratiba za gazeti la Radio Times kuanzia 1923 hadi 2009; ukiandika jina la mwigizaji utapata tarehe na saa za vipindi vyake, na kuanzia hapo unaweza kujua alikuwa wapi wakati tamthilia yake ikifanyiwa mazoezi. Tena ipo Black Plays Archive, orodha ya tamthilia za waandishi Waafrika, Wakaribi na Waingereza weusi zilizoonyeshwa kitaalamu nchini Uingereza. Iliasisiwa na Kwei-Armah mwenyewe. Mtu aliyekwenda kulitafuta jina lake Ghana akaona ni sawa kuyatafutia na majina ya wengine mahali pa kukaa.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuuliza yeye anahusikaje. Jibu liko ukingoni mwa mto Thames. Mwaka 2012 ukumbi wa Globe ulialika tamthilia 37 za Shakespeare katika lugha 37, na The Merry Wives of Windsor ikachezwa kwa Kiswahili na kundi lililoandaliwa Nairobi, Mrisho Mpoto wa Tanzania akiwa Falstaff. Shakespeare wa Kiswahili hakuwa jambo geni, kwani Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kututafsiria Julius Caesar mwaka 1963. Lakini kwa Kiswahili kusikika pale, ilibidi mkuu wa ukumbi huo, Dominic Dromgoole, aamue kwamba kisikike, atenge siku, fedha na jukwaa. Ukiuchunguza uamuzi kama huo utakutana na maswali yaleyale: bodi, ruzuku, nani alimjua nani.

Sura zinazofuata zinaanza na Irving na kuishia na kumbi zilizofunguliwa tena baada ya korona. Hulazimiki kuzifuata kwa mpangilio. Kama hujawahi kusoma tamthilia ya Kiingereza ya karne hii, weka kitabu hiki kando kwa siku mbili, utafute Let There Be Love, uisome kwa sauti na wenzako wawili, mmoja wenu akiwa Alfred. Mkifika pale Maria anapoingia mara ya kwanza, simameni muulizane mzee aketi wapi. Mkishindwa kukubaliana, nendeni moja kwa moja sura ya nne.